Aliyeniita Kwenye Theluji

Winnipeg, Kanada
Jumatano asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo.

Nimeiacha salamu hiyo peke yake kwenye mstari wake ili upate nafasi ya kuiitikia. Najua siku hizi hunipi marahaba kwenye simu, lakini karatasi haikatiki na haina mtu anayesikiliza upande wa pili. Itikia ukiwa peke yako jikoni, mimi huku nitaridhika. Habari za magoti? Habari za kifua na vumbi la kiangazi? Dada Salome aliniambia miwani yako imevunjika mkono mmoja na umeufunga kwa uzi mweusi. Ndiyo maana naandika herufi kubwa namna hii, utafikiri namwandikia mtoto wa chekechea. Nataka uisome mwenyewe. Tafadhali usimpe mtu akusomee, hata dada. Yeye nimemwambia afikishe bahasha tu, asiifungue, na unamjua anavyopenda kujua mambo, basi nimeipiga gundi mara mbili.

Barua inaletwa na mama mmoja tunayesali naye hapa, anakwenda kwao Morogoro likizo. Atamkabidhi dada basi likisimama pale Kwa Mathias, na dada ataileta Maneromango siku ambayo barabara yenu itakubali gari. Kwa hiyo haya ninayoyaita ya juzi, kwako yatakuwa ya zamani kidogo.

Mimi ni mzima. Kazi ni ile ile ya kufua mashuka ya hospitali, au niseme kukunja, maana kufua wanafua mashine. Mikono imekauka kwa mvuke na sabuni, lakini nakula, nalala, na Jumapili naenda ibadani. Sijakonda, usimsikilize dada.

Sasa mama, tangu tulipomzika baba, samahani, tangu mlipomzika, maana mimi sikuwepo, hujaja kwenye simu. Sasa ni miezi tisa. Kila dada akija huko Jumapili anakupelekea simu uwani, namsikia anasema, "Mama, huyu Pili." Na wewe unajibu, "Mwambie niko shambani." Na huku nyuma nasikia ungo, unapeta mchele. Shamba gani hilo linalopetwa mchele, mama? Nacheka kidogo, halafu nakata simu, halafu sicheki tena.

Neno lako la mwisho kwangu ulilisema siku ya pili baada ya maziko. Ulisema, "Baba yako alikuita mara tatu, Pili. Ya tatu huitikwa." Ukampa dada simu. Mimi nina jambo la kukueleza kuhusu hizo mara tatu. Nimekaa nalo miezi yote tisa. Lakini nikianza nalo utaikunja barua na kuisukuma chini ya godoro, nakujua. Kwa hiyo nivumilie kwanza nikusimulie yaliyonipata Jumanne ya wiki iliyopita, kwa sababu ndiyo yaliyonitoa jasho mpaka nikashika kalamu.

Jumatatu yake, kazini, mwenzangu Mama Bahati alinionya. Yeye ni Mkongo wa Bukavu, Kiswahili chake ukikisikia utatabasamu. Akaniambia, "Kesho usitoke, dada. Theluji itaanguka mingi, dhoruba kubwa inakuya. Watu wote watabakia ndani." Nikamwambia haya. Lakini theluji nimeshaiona majira mawili na sikuwahi kuipenda. Ni kitu cha kuteleza nacho na kulowesha soksi. Sikuona sababu ya kuiogopa.

Tena kuna kitu sijawahi kukuambia kwa kuhofia utakosa usingizi. Chumba changu kiko chini ya ardhi. Usishtuke, huku ni kawaida, ni chini ya jengo la ghorofa tatu, kuna umeme na maji ya moto. Dirisha liko juu karibu na dari, na ukitazama unaona viatu vya watu wanaopita. Nilikuambia nina chumba chenye dirisha, na hilo ni kweli.

Jumanne niliamka mapema kama kawaida, nikatega sikio. Mimi nimekulia chini ya bati, mama. Kwetu mvua kubwa inajitangaza yenyewe, bati linapiga kelele mpaka mnaongea kwa ishara, na baba anahamisha ndoo huku anagomba na mbingu. Kwa hiyo neno dhoruba kwangu lina kelele ndani yake. Na asubuhi ile hapakuwa na kelele. Hapakuwa na kitu chochote. Hata mabomba ambayo hukoroma usiku kucha yalikuwa yamenyamaza. Nilipiga makofi mara moja nijue kama masikio yangu ni mazima. Dirisha lilikuwa jeupe tupu, nikadhani ni ukungu. Nikasema moyoni, watu wa huku waoga kweli, dhoruba yao imepita pembeni. Nikavaa nguo zangu zote moja juu ya nyingine, nikachukua bakuli langu la wali, nikatoka kwenda kazini.

Kumbe kazini walikuwa wametuma ujumbe kwamba kumefungwa. Sikuuona. Simu yangu siku hizi naiweka kifudifudi, siitazami mpaka inilazimu. Sababu utaiona mbele.

Mlango wa nyuma ulikataa kufunguka. Niliusukuma kwa bega kama mtu anayevunja nyumba ya watu, ukaachia kidogo, nikapenya ubavu. Ngazi za kupandia juu hazikuonekana. Nilipanda kwa kubahatisha, theluji imenifika kiunoni, nikatokea barabarani.

Mama, mji ulikuwa haupo.

Sijui nikuelezeje. Barabara ile ina maduka, ina mabasi, ina watu wanaotembea kama wanafukuzwa. Yote yalikuwa yamefutwa. Magari yamekuwa vichuguu vyeupe, vimejipanga pande zote mbili. Hapakuwa na alama ya mguu hata mmoja, si wa mtu, si wa mbwa. Juu ya njia panda taa za kuongozea magari zilikuwa zinaendelea kubadilika, nyekundu, kijani, njano, zinaongoza hewa. Na theluji ilikuwa inashuka taratibu bila upepo, vipande vikubwa, haina haraka, na hakuna kilichotoa sauti.

Mtu mwenye akili angerudi ndani. Mimi nilisimama katikati ya barabara, pale ambapo siku zote ningepigiwa honi na kutukanwa, na furaha ikanipanda. Nasema furaha kwa sababu sina neno jingine. Ilianzia tumboni. Nikafungua mdomo, theluji ikaniingia kwenye ulimi, nikaimeza. Nikachota mikono miwili nikarusha juu, ikaniangukia usoni. Nikacheka. Sijacheka hivyo tangu msiba. Mama, nilikimbia. Mwanamke wa miaka thelathini na nne anakimbia kwenye theluji ya mapajani, anaanguka, anainuka, ananyunyiza. Na nilipofika katikati ya njia panda, chini ya zile taa, nikapiga kigelegele.

Ndipo nikaogopa. Kigelegele hakikwenda popote. Unajua kigelegele changu, ulikuwa ukisema kinafika hadi kwa jirani Bi Mwanahawa ng'ambo ya mikorosho. Kile kilitoka mdomoni kikafia hapo hapo, kama nimekipigia ndani ya godoro. Nikapiga kingine, kikamezwa pia. Nikajiona mimi ndiye pekee niliyebaki, kwamba watu wote wameitwa mahali na mimi sikuambiwa.

Lakini furaha haikuondoka, mama, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Vilikuwepo vyote viwili, hofu na raha. Nikajilaza chali katikati ya barabara. Usinigombeze. Ilikuwa laini kuliko kitanda chochote nilicholalia, na baridi sikuisikia, nilisikia uvuguvugu. Theluji ikaanza kunifunika miguu, kifua, kope. Nikawaza, baba naye amelala hivi. Amelala hivi tangu mwezi ule, na amefunikwa, na huenda si vibaya kama nilivyodhani. Macho yalikuwa mazito. Nilikuwa nasinzia, mama, naandika hili nikijua utaweka mkono kifuani.

Hapo nikasikia jina langu. "Pili!"

Elewa kwanza jambo moja. Katika mji huu hakuna anayenijua kwa jina hilo. Kwenye makaratasi mimi ni Elizabeti, kazini ni Liza, na hata Mama Bahati ananiita dada tu. Pili ni jina la nyumbani, liko kwenye midomo yenu wachache. Na liliitwa kwa sauti nyembamba, ya mtu mzima, ikitoka mbali au ikitoka chini, sikuweza kujua.

Sikuitika. Nilikumbuka ulivyotufundisha wakati wa kwenda kuokota kuni. Ukiitwa porini na humwoni anayekuita, nyamaza. Ukiitwa tena, nyamaza. Kisichokuwa mtu hakina nguvu ya kuita mara ya tatu, kwa hiyo ya tatu itika. Mchungaji alilisema lile kanisani kuwa ni mambo ya giza, wewe ukaitikia amina, tulipofika nyumbani ukatuuliza kama bado tunalikumbuka. Nililikumbuka barabarani Kanada, mama, nimelala chali.

"Pili!"

Hiyo ya pili ilinikalisha. Na nilipokaa tu, upepo ukaja. Haukuanza kidogo kidogo. Ulikuja wote kwa pamoja, theluji ikaacha kushuka ikawa inakwenda ubavu, na vile vichuguu vikapotea, taa zikapotea, mkono wangu nikiunyoosha siuoni. Nilisimama nikageuka, na nilipogeuka nikawa sijui tena jengo letu liko upande gani. Nyayo zangu zilikuwa zimeshafukiwa. Nikasikia woga wenyewe sasa. Nikajisemea, Pili, unakufa barabarani mita hamsini kutoka kitandani mwako, na bakuli la wali mfukoni.

Ndipo ya tatu ikaja. "Pili, wee!"

Ni nani alikuwa akiniita hivyo, mama? Unajua mwenyewe. Akiwa amesimama mwisho wa shamba na jembe begani, hakuita Pili, aliita Pili wee, ile wee ameivuta mpaka kuku wanainua shingo. Sikufikiri. Nilijaza kifua nikaitika, "Abee!" Nikasema tena, "Abee, baba! Abee!" Nikawa naitika mfululizo, sinyamazi, napiga hatua kuelekea mahali sauti ilikotoka na kuitika, kuitika, kama mtu anayelipia siku zote ambazo hakuitika.

Na kitu kikanishika mkono.

Nilipiga ukelele. Kilikuwa cheupe chote, nywele nyeupe, uso mweupe, gauni jeupe la kulalia, na juu yake koti kubwa la kiume. Nilijua nimemwitikia nisiyepaswa kumwitikia. Ningekimbia, ila miguu ilikuwa imezama. Kikanisogelea usoni, kikasema kwa Kiingereza, midomo imekufa ganzi, "Abi? Wewe ndiye Abi? Umemwona Bili wangu?"

Alikuwa bibi wa ghorofa ya chini, juu ya chumba changu kabisa. Anaitwa Doroti. Tumeishi jengo moja mwaka mzima na sijawahi kumpa zaidi ya habari za asubuhi. Alikuwa akimwita Bili, mumewe, na upepo ukanipa mimi Pili. Na mimi nilivyosema abee, yeye alisikia jina la mtu, Abi. Kila mmoja wetu alikuwa amemsikia mwenzake vibaya, na kwa hilo tukafikiana.

Viatu vyake vilikuwa vya kitambaa, kimoja kimepotea. Nilimvua kilichobaki nikamvisha soksi zangu za juu, nikamfunga kitenge cha shangazi nilichokuwa nimejifunga kiunoni ndani ya koti. Nikamwambia bibi, sioni nyumba. Akasema kwa utulivu kabisa, "Tafuta uzio. Uzio unakwenda mpaka ngazini." Ameishi pale miaka mingi, anajua. Tulitambaa tukipapasa, mimi mkono mmoja kwake na mmoja mbele, hadi vidole vyangu vikagonga waya. Tuliufuata ule waya kama vipofu mpaka ngazi, na mpaka mlango wake, uliokuwa wazi, theluji imeshaingia hadi kwenye zulia.

Gari la wagonjwa halikuweza kufika. Mtu wa hospitali aliniongoza kwa simu, nimpashe joto polepole, nisimsugue, nimpe kinywaji cha moto kama anaweza kumeza. Nilimkumbatia chini ya mablanketi kama saa nzima. Hatimaye akaanza kutetemeka, na wakasema kutetemeka ni kuzuri. Vidole vyake vimepona, viwili tu bado vina weusi kidogo.

Alipopata sauti nikamuuliza, "Bibi, kwa nini ulitoka?"

Akasema, "Nilimsikia Bili anakwangua theluji dirishani. Siku za theluji hutoka mapema na beleshi lake kabla sijaamka. Nikaona leo ni kali mno, nikavaa koti lake nikamfuate aje anywe chai."

"Bili yuko wapi sasa?"

"Bili alikufa miaka kumi na moja iliyopita," akasema, na akanitazama kama mimi ndiye niliyechanganyikiwa. "Nalijua hilo. Lakini beleshi nililisikia."

Usidhani amepungukiwa na akili, mama. Ana akili kuliko mimi na dada kwa pamoja. Kila asubuhi anajaza chemshabongo ya gazeti kwa kalamu ya wino. Nilikwenda dirishani kutazama. Theluji chini ya dirisha lake ilikuwa sawasawa, hakuna aliyeigusa.

Nikamwambia, "Bahati yako uliita mara tatu. Ungeita mara mbili nisingeitika, kwetu ndivyo tulivyofundishwa."

Akatoa mkono kwenye blanketi akanyoosha vidole viwili. "Mbili," akasema. "Niliita mara mbili, upepo ukanikaba koo. Sikuweza tena. Nilisimama tu nikingoja, nikajua imekwisha. Ndipo nikakusikia."

Nilimwambia tatu. Akasema mbili. Sikubishana na mgonjwa.

Sijamsimulia hilo mtu yeyote, hata Mama Bahati. Sisemi alikuwa baba. Mchungaji akisikia ataniombea hadharani, na upepo nao unaweza kusema wee, nimeusikiliza tangu siku ile na unaweza kabisa. Ninachojua ni kwamba mimi nilipoitika, nilimwitikia baba, na nilijua ninamwitikia baba. Na baada ya kuhesabu vile vidole viwili nilikwenda bafuni kwa Doroti nikafunga mlango, nikalia kilio ambacho nilipaswa kukilia Maneromango mwezi wa tano.

Sasa nalisema lile jambo.

Siku baba alipoita, simu haikuwa kabatini. Nilimwambia dada ilikuwa kabatini, dada akakuambia, na wewe hukuamini, na ulikuwa na haki. Simu ilikuwa mkononi mwangu. Tulikuwa mapumziko, nimekaa juu ya furushi la mashuka, mkono mmoja kikombe cha chai, mwingine simu. Jina la dada likawaka. Nilijua si dada, ni baba, kwa sababu asubuhi ile dada alikuwa ameniandikia kwamba baba amezidiwa na anataka kunisikia. Mama, nilikuwa nimemwahidi nakuja Krismasi. Nikamwahidi nakuja Pasaka. Vibali vyangu vilikuwa havijatoka, nikitoka sirudi, na yote hayo aliyajua na hakunilaumu hata siku moja. Angeniuliza tu kwa upole wake, "Pili, unakuja lini?" na mimi ningetunga uongo mwingine kwa mtu anayekufa. Sikuweza. Nikasema iite, inyamaze, nitapiga jioni nikiwa nimejipanga. Ikaita, ikanyamaza. Ikaita tena, ikanyamaza. Ilipoita mara ya tatu niliigeuza kifudifudi juu ya shuka na kuitazama ikitetemeka mpaka ikatulia. Halafu nikamaliza chai yangu. Hilo ndilo linalonila, mama, kwamba nilimaliza chai.

Jioni nilipopiga, mlikuwa mmeshamfumba macho.

Sikumsahau. Sikuwa na kazi. Sikuzuiwa na mtu. Niliogopa, na nikaacha baba yangu aite kwenye hewa tupu. Wewe ulilijua bila kuambiwa, ndiyo maana unapeta mchele.

Dhoruba ilikoma siku hiyo hiyo alasiri. Watu wakatoka kwenye majengo kama kumbikumbi, na mabeleshi na watoto, wanacheka na watu wasiowajua, wanakula theluji. Nilitoka nami nikachimba ngazi zetu, na ile furaha ikanirudia tena, mama, mbele za watu, na nikaiacha inirudie. Doroti alikuwa ananipungia kutoka dirishani. Sasa jengo zima wananiita Abi. Nimejaribu kuwaeleza kwamba si jina, ni namna ya kusema nimesikia, nipo. Wamesema basi ni jina zuri zaidi. Asubuhi napita kwake kabla ya kazi, ananipigia sakafu kwa fimbo nami naitika kutoka chini. Mara nyingine napigiwa wakati fimbo yake iko kabatini, lakini hayo tuyaache.

Vibali vimetoka, mama. Nimeomba likizo, wamenipa mwezi wa saba. Safari hii sisemi naahidi, nimeshaona ahadi zangu. Nasema tu wamenipa.

Nisalimie dada Salome na shemeji, na umwambie dada gundi ile nitajua kama imeguswa. Nisalimie mjomba wa Magindu na ng'ombe wake, aache kumwambia kila mtu kwamba nimeolewa na Mzungu. Msalimie shangazi, mdogo wake baba, mwambie kitenge alichonipa kimeokoa mtu na kimebaki kwa huyo mtu. Bi Mwanahawa mpe mkono kwa niaba yangu, yeye alikaa nawe arobaini nzima mahali nilipotakiwa kukaa mimi, na sijamshukuru. Mzee wa kanisa anayepiga kengele naye nisalimie, mwambie huku nilipo kengele hazisikiki.

Dada akishakufikishia bahasha ataniarifu, na Jumapili itakayofuata nitapiga, saa kumi jioni mkishatoka ibadani. Atakuletea uwani kama kawaida. Sikuombi uniambie yamekwisha, wala sikuombi maneno mengi. Unaweza kunigombeza mpaka salio liishe, nitasikiliza. Ila sitaanza na shikamoo, na sitajitambulisha. Nitakuita tu, mama.

Usingoje mara ya tatu.

Mwanao,
Pili